Orodha ya Kazi Inayotoshea Siku

Mwalimu wa sekondari anapoandika andalio la somo hugawa dakika 40 za kipindi hatua kwa hatua, akijua ni dakika ngapi za utangulizi, ngapi za maarifa mapya na ngapi za mazoezi. Jioni, mwalimu huyo huyo anapojiandikia kazi za kesho, huandika "kusahihisha mitihani, kujaza alama, kwenda benki, kufua, kumtafuta fundi bomba", bila kuweka dakika hata moja mbele ya kazi yoyote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo orodha nyingi zinapoharibikia, yaani wakati wa kuziandika, wala si mchana wa siku ya pili ambapo tunajilaumu kwa uvivu.

Tuichukue hiyo kazi ya kusahihisha. Mtihani wa nusu muhula wa Kidato cha Pili, wenye mikondo miwili na wanafunzi 90, nikiutengea dakika 4 kwa kila karatasi, unadai dakika 360, ambazo ni saa 6 kamili, na hapo sijajumlisha alama wala sijapumzisha macho. Siku ya kawaida huniachia vipindi vitatu nisivyofundisha, yaani saa 2. Kazi niliyoiandika kwa neno moja kumbe ni ya siku tatu, tena siku tatu zisizo na kikao cha dharura. Ndiyo maana sasa naandika "swali la 1 hadi la 4, mkondo A, baada ya kipindi cha tatu", kazi ambayo ina mwanzo, ina mwisho, na naweza kuikata kwa kalamu kabla ya kengele ya chakula. Isitoshe, kusahihisha swali moja katika karatasi zote kabla ya kuhamia jingine hunisaidia kutumia kipimo kilekile kwa kila mwanafunzi, jambo ambalo ni gumu kwa mtu anayesahihisha karatasi nzima nzima hadi usiku.

Tabia ya kukadiria muda pungufu haiko kwa walimu peke yao. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza mwaka 1979, na mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wakachapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani, wanafunzi hao walikadiria kumaliza kwa siku 34 hivi, lakini wakatumia zaidi ya 55. Linalonishangaza zaidi ni kwamba hata walipotakiwa kukadiria kana kwamba kila kitu kingekwenda mrama, walitaja siku 49 hivi, ambazo nazo hazikutosha. Kwa sababu hiyo siulizi kazi itachukua muda gani. Naangalia kazi ya aina hiyo ilichukua muda gani mara iliyopita, kisha naandika muda huo hata kama haunipendezi.

Orodha naiandika jioni, baada ya chakula, kwenye kipande cha karatasi ninachokichomeka ndani ya jalada la maandalio. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio la vijana 57, ambapo waliotumia dakika 5 kabla ya kulala kuandika kazi zinazowasubiri walipata usingizi mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kuzimaliza, kwa tofauti ya dakika 9 hivi. Simu siitumii kwa kazi hii, maana mtu huifungua kutazama orodha akajikuta anasoma ujumbe wa makundi matatu ya WhatsApp, likiwemo la kamati ya harusi.

Kuifuata orodha kunategemea sana mahali. Ofisi ya walimu ina mazungumzo mazuri mno, na sioni sababu ya kushindana nayo. Karatasi za mitihani nazipeleka maktaba, na maktaba naiandika kwenye orodha pamoja na saa. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha kwa tafiti nyingi kwamba mtu anayeamua mapema ni lini na wapi atafanya jambo hulitekeleza zaidi kuliko anayenuia tu kulifanya.

Kazi zinazotegemea watu wengine zina utaratibu wake. "Kutengeneza bomba" si kazi yangu, ni ya fundi. Yangu ni "kumpigia fundi kabla ya saa nne", na nikishapiga naikata, awe amekuja au hakuja. Wiki ya zamu orodha yangu haizidi kazi mbili, kwa kuwa mwalimu wa zamu huanza na namba za asubuhi na kumaliza na mwanafunzi aliyeugua bwenini. Msiba ukitokea, orodha naiweka pembeni bila kujihesabia deni, kwani hakuna jirani atakayeelewa kwamba sikufika kuzika kwa sababu nilikuwa nimepanga kujaza alama.

Zinabaki zile kazi zinazohamishwa kila jioni kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Kazi ikihamishwa mara ya tatu, naigawa vipande, nampa mtu mwenye nafasi, au naifuta kabisa, na uamuzi huo naufanya jioni ileile nikiwa bado nimeshika kalamu. Muhula uliopita nilifuta "kupanga kabati la idara", na hadi leo hakuna aliyeniuliza habari za kabati hilo.