Kope zinazoshuka jioni na tezi iliyo nyuma ya kidari

Asubuhi mtu yuko sawa. Ikifika saa kumi jioni kope moja imeshuka, vitu anaviona viwili viwili, na usiku taya linachoka kabla hajamaliza sahani. Akilala, kesho yake anaamka mzima. Wengi hupelekwa kwa daktari wa macho, kisha kwa waganga, kabla hajatokea wa kutaja miasthenia gravis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mahali neva inapokutana na msuli.

Kuna kipimo cha kuanzia kisichohitaji maabara. Funga barafu kwenye kitambaa, iweke juu ya kope lililofumbwa kwa dakika 2. Kope likipanda milimita 2 au zaidi, shaka inakuwa kubwa. Baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ile kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye msuli. Baada ya hapo hupimwa damu: takriban 85% ya wagonjwa ambao udhaifu umeenea mwilini wana kingamwili (silaha za kinga ya mwili) dhidi ya vipokezi vya asetilikolini, yaani sehemu za msuli zinazoipokea kemikali hiyo. Kwa wale ambao macho tu ndiyo yameathirika ni kama nusu, kwa hiyo jibu hasi halimalizi mjadala.

Swali ni kingamwili hizo zinatoka wapi, na hapa ndipo tezi ya thaimasi inapoingia. Ipo nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo. Kazi yake ni kuchekecha seli T changa, ambazo ni seli za kinga: zinazoshambulia mwili wenyewe zinatakiwa kufia humo, na kwa kweli sehemu kubwa kabisa ya seli hizo haitoki hai. Baada ya balehe tezi husinyaa na kugeuka mafuta polepole.

Kwa wagonjwa wengi walioanza kuumwa kabla ya miaka 50, hasa wanawake, ukiikata tezi hiyo na kuiangalia kwa hadubini unakuta kitu kisichotakiwa kuwa pale: makundi ya seli B, seli nyingine za kinga, yanayozalisha kingamwili, kama yale ya kwenye tezi za limfu mtu akiwa na maambukizi. Ndani ya thaimasi kuna seli chache zinazofanana na za misuli, zenye vipokezi vilevile vya asetilikolini. Hapo kinga inafunzwa kumshambulia jirani wa mlango wa pili, yaani misuli. Wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100 wana uvimbe wa tezi yenyewe, thaimoma, ndiyo maana kila mgonjwa apigwe picha ya CT ya kifua hata kama hana kikohozi wala maumivu.

Je, kuitoa kunasaidia? Utafiti uliotoka mwaka 2016, wenye wagonjwa 126 waliofuatiliwa miaka 3, ulionyesha kwamba waliopasuliwa walipata nguvu zaidi, na wastani wa prednisoni (dawa ya kutuliza kinga) waliohitaji ulikuwa miligramu 44 kila baada ya siku moja, dhidi ya 60 kwa wasiopasuliwa. Ila upasuaji huu si wa dharura. Mgonjwa atulizwe kwanza, na daktari aondoe pia mafuta ya kando, kwa sababu vipande vya thaimasi hutawanyika humo. Nafuu huja kwa miezi na miaka, kwani seli zinazotoa kingamwili zimeshahamia kwenye uboho. Wenye kingamwili za aina ya MuSK, zinazoshambulia protini nyingine ya msuli, hawafaidiki, thaimasi yao kwa kawaida haina tatizo.

Kwa vidonge, piridostigmini, inayozuia kimeng'enya kile kisivunje asetilikolini, ya miligramu 60 ikinywewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula hurahisisha kumeza. Ikizidi, huleta kuharisha, mate mengi na udhaifu uleule unaotibiwa. Prednisoni ikianzishwa kwa dozi kubwa inaweza kumzidishia udhaifu katika wiki 2 za mwanzo, hivyo wengi huanza na dozi ndogo.

Hatari kubwa kwetu ni dawa za magonjwa mengine. Kwinini, gentamaisini, streptomaisini, siprofloksasini, propranololi na sindano ya magneziamu zinaweza kumzidishia mgonjwa udhaifu ghafla. Kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani lilishaiweka artesuneti mbele ya kwinini, kwa hiyo ndugu waulize kabla dripu haijafungwa.

Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kisiwatulize. Namba hushuka mwishoni kabisa, misuli ya kupumua ikiwa imeshachoka. Afadhali mgonjwa avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti, namba mbili kwa sekunde. Asipofika 20, au akishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, apelekwe hospitali yenye mashine ya kupumulia, usiku huohuo.