Chupa Ambayo Sikuihesabu Kuwa Dawa

Mwezi wa tatu mwaka jana nilikaa mbele ya daktari wa magonjwa ya ndani hapa Dar es Salaam, naye ameshika majibu yangu ya damu, akaniuliza kama moyo hunienda mbio, kama mikono hunitetemeka, kama nimepungua uzito bila sababu. Yote nilijibu hapana. Karatasi ilisema kwamba tezi yangu ya thairoidi, ile iliyopo mbele ya koo, inamwaga homoni kupita kiasi, lakini mwilini sikuwa na dalili hata moja ya ugonjwa huo. Kabla hajaandika dawa alirudia swali ambalo muuguzi alikwisha kuniuliza: kuna dawa yoyote ninayotumia? Nikasema hapana kwa mara ya pili, wala sikuwa nadanganya. Ni pale tu alipoongeza, "Hata virutubisho, kaka yangu? Hata mitishamba?" ndipo nilipoikumbuka chupa ya kapsuli za kuotesha nywele iliyokuwa juu ya kabati la chumbani, ambayo nilikuwa nimekwisha kuitumia kwa miezi minne.

Niliinunua baada ya kinyozi wangu kunishikia kioo cha pili nyuma ya kichwa na kunionyesha utosi. Pale katikati nywele zilikuwa zimekuwa nyembamba kama vinyweleo vya mkononi, na ngozi ilikuwa inang'aa chini ya taa. Nilikuwa na miaka 37, na marehemu baba yangu alikuwa na upara kamili alipofika miaka 45, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa fumbo. Muuzaji aliniambia maneno ambayo kila msomaji amewahi kuyasikia: ni mimea mitupu, haina kemikali, haina madhara. Nililipa, na kwa kuwa ilikuwa mimea mitupu, nikaiweka akilini pamoja na chai na asali, si pamoja na dawa.

Daktari aliniagiza niache kuimeza, nirudi kupima baada ya wiki moja, na nije na chupa yenyewe. Majibu ya pili yalikuwa ya kawaida kabisa. Sikuwa na ugonjwa wowote wa thairoidi, ila nilikuwa nimekaribia kuanza kutibiwa ugonjwa ambao haukuwepo. Kilichosababisha ni biotini, vitamini ambayo mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku, nazo huzipata bila shida katika mayai, maini na karanga. Kapsuli yangu moja ilikuwa na mikrogramu 10,000. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini kama gundi ya kunasia kile kinachopimwa. Damu inapofika ikiwa imejaa biotini ya chupani, gundi ile huzibwa na kipimo husoma uongo. Mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2017, na ikataja kifo cha mgonjwa ambaye kipimo chake cha troponini, protini inayopanda damuni moyo unaposhambuliwa, kilisoma chini kuliko ukweli. Na cha kusikitisha zaidi ni kwamba biotini husaidia nywele za mtu aliyepungukiwa nayo tu, na watu hao ni wachache mno. Upara wa kurithi hautokani na upungufu wa biotini.

Tangu siku ile niliisoma lebo ya chupa ile mstari kwa mstari, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kutoa fedha.

Kiungo cha kwanza kilikuwa saw palmetto, yaani tunda la mtende mfupi unaoota porini Florida na majimbo jirani, wenye majani yaliyotandaa kama kiganja, mfano wa mkoche wetu. Hiki ndicho kiungo kinachostahili kuzungumzwa kwa heshima, kwa sababu hoja yake ina mantiki. Mwilini mwa mwanamume kuna kimeng'enya kinachogeuza homoni ya testosteroni kuwa homoni nyingine kali zaidi, iitwayo kwa kifupi DHT, na DHT ndiyo inayosinyaza vinyweleo vya utosini na vya mbele kwa wale waliorithi udhaifu huo. Mwaka 1974 mtafiti Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za familia za kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika ambamo baadhi ya wanaume huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Walipokua, wanaume hao hawakupata upara, na tezi dume zao zilibaki ndogo. Kutokana na ufahamu huo ikapatikana dawa ya finasteraidi, inayozuia kimeng'enya hicho, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa kuvimba kwa tezi dume na mwaka 1997, kwa dozi ya miligramu 1, kwa upara. Wauzaji wa saw palmetto husema tunda lao huzuia kimeng'enya kilekile.

Je, hufanya kazi? Mwaka 2012 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 100 kwa miaka 2, nusu wakimeza miligramu 320 za saw palmetto kila siku na nusu wakimeza finasteraidi. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 38 kwa upande wa mmea na asilimia 68 kwa upande wa kidonge. Mtu anayeuza atakutajia ile 38 na kunyamazia ile 68. Lakini hata hiyo 38 naipokea kwa tahadhari, kwa maana hapakuwa na kundi la tatu lililopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, na washiriki walijua wanachomeza. Tumaini la mtu anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi lina nguvu kubwa, nami nalijua kwa sababu niliapa kwa mke wangu kwamba naona nywele mpya, ilhali picha nilizopiga kwa simu hazikuonyesha tofauti yoyote.

Mafuta ya mbegu za maboga yamepimwa vizuri kidogo. Huko Korea Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wanaume 76 waligawanywa, wengine wakipewa miligramu 400 kwa siku na wengine kidonge kitupu, na baada ya wiki 24 idadi ya nywele iliongezeka kwa asilimia 40 upande wa kwanza na asilimia 10 upande wa pili. Ni matokeo ya kutia moyo. Hata hivyo kapsuli zile zilikuwa pia na unga wa mimea mingine, ukiwemo wa nyanya, kwa hiyo hakuna awezaye kusema sifa ni ya boga peke yake, na miezi sita ni muda mfupi kwa ugonjwa unaoendelea maisha yote. Mafuta ya rosmari nayo, ambayo vijana wengi wanayapaka sasa, yalilinganishwa nchini Iran na minoksidili ya asilimia 2, dawa ya kupaka ya upara, yakaonekana kutoa matokeo yanayokaribiana baada ya miezi sita, lakini baada ya miezi mitatu hapakuwa na mabadiliko ya maana upande wowote. Anayepaka wiki tatu na kushangilia anashangilia mapema.

Kiungo kilichonitisha kilikuwa mstari wa tano, mzizi wa Kichina uitwao he shou wu, ambao kwa hadithi ya kale ulimrudishia mzee mmoja weusi wa nywele zake. Mzizi huu umehusishwa mara nyingi na uvimbe wa ini, wa kufanya macho yawe ya manjano na mkojo uwe wa rangi ya chai ya rangi, na mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari juu yake mwaka 2006. Nilikuwa naumeza kila siku, na siku za mwisho wa wiki nilikuwa nameza panadoli mbili kwa kichwa kuuma, bila kufikiri kwamba vyote vinapita ini moja.

Chini kabisa palikuwa na seleniamu, madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana. Mwaka 2008 huko Marekani kirutubisho kimoja cha maji kilikosewa kiwandani, kikawa na seleniamu karibu mara 200 ya kiwango kilichoandikwa, na watu 201 wakabainika kudhurika. Wengi wao walipukutika nywele. Seleniamu ikizidi humwaga nywele, na vitamini A vilevile.

Hapa nitasema jambo moja linalonikera kuhusu shuhuda tunazotumiana kwenye simu. Mtu akiugua homa kali, malaria au taifodi, au akifanyiwa upasuaji, au mwanamke akijifungua, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha baada ya miezi miwili au mitatu zinapukutika kwa mafungu. Kwa kawaida huota tena zenyewe. Mgonjwa wa namna hiyo akianza kumeza kapsuli wakati zinapukutika, zitakaporudi atamsifu muuzaji kwa moyo safi kabisa, naye mwenye upara wa kurithi ataamini na kununua. Mke wangu alikuwa ndani ya hali hiyo, mtoto wetu ana miezi minne, akaniomba naye ajaribu chupa yangu. Namshukuru Mungu alisahau. Saw palmetto hushauriwa iepukwe na mwenye mimba na anayenyonyesha, kwa sababu ni mmea unaodhaniwa kugusa homoni za kiume.

Sina ugomvi na mitishamba. Pakanga imetupa artemisinini iliyomo katika dawa ya mseto ya malaria, na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini alipima, akachuja, akajua ni kiasi gani kinaponya, tena alijaribu juu ya mwili wake mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Ninachodai kwa kapsuli za nywele ni heshima hiyohiyo. Ikiwa mmea una nguvu ya kugusa homoni zangu, basi una nguvu ya kunidhuru, na unastahili kutajwa daktari anapouliza. Finasteraidi nayo ina madhara yake, yakiwemo kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya wanaume, ila yamepimwa na yameandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye alitumia dakika kumi kukitazama kichwa changu kwa lenzi kabla ya kusema neno. Alinieleza kwamba yeye huwapokea wanaume wengi wanaomeza virutubisho wakati tatizo lao ni mapunye, au mabaka ya duara yanayotokana na kinga ya mwili kushambulia nywele, au vipele vya kisogoni vinavyoacha kovu, na kovu likishatanda nywele hazioti tena hapo. Kwangu ulikuwa upara wa kurithi, na nimechagua minoksidili ya kupaka.

Juzi mdogo wangu wa Tanga alinitumia picha ya chupa mpya, ina jani la kijani na kichwa chenye nywele tele, akaniuliza, "Kaka, hii vipi?" Nilimwomba aigeuze, anipigie picha ya upande wa nyuma penye maandishi madogo, na asifungue kizibo mpaka tuzungumze.