Uzoefu wangu: ulizo la sekunde 36 na ujenzi uliokwamisha tiba yake

Kwa miezi mingi ukurasa wetu wa ripoti ya maagizo ulifunguka kwa muda usiofika sekunde moja, kisha katika wiki moja ukaanza kuchukua sekunde 36, ilhali hakuna aliyegusa ulizo linaloulisha, yaani ombi la data linalotumwa kwa hifadhidata. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, jedwali la maagizo lilikuwa na mistari karibu milioni 6, na seva haikuonyesha dalili yoyote ya kuelemewa. Nilianza kwa kukisia. Nilidhani kilichokosekana ni faharasa (orodha inayosaidia kuipata mistari haraka) kwenye safu ya hali ya agizo, nikaiunda, na ulizo likabaki vilevile, huku kila agizo jipya likilazimika kuandikwa pia katika faharasa hiyo ya ziada. Tena niliiunda bila neno CONCURRENTLY, linaloruhusu uandishi kuendelea wakati faharasa inaundwa, kwa hiyo uandishi wote kwenye jedwali ulisimama hadi ilipokamilika. Niliifuta siku hiyohiyo.

Hapo ndipo nilipoiuliza hifadhidata yenyewe kwa amri ya EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha hatua za ulizo na muda wa kila hatua. Ikumbukwe kwamba amri hii hulitekeleza ulizo kikweli ili kulipima, kwa hiyo anayepima amri ya kufuta au kubadilisha data anapaswa kuifungia ndani ya muamala (kundi la amri linaloweza kutenguliwa kwa pamoja) na kuutengua kwa ROLLBACK. Langu lilikuwa la kusoma tu, basi sikuwa na hofu hiyo.

Matokeo yalikuwa marefu, nami niliyapitisha macho nikitafuta namba kubwa ya muda. Mstari mmoja wa usomaji wa jedwali dogo la vituo, lenye mistari 5,000, ulionyesha milisekunde 0.7, nikaupita. Siku ya pili niliurudia polepole na kuona kwamba mwishoni mwake paliandikwa loops=48000, yaani hatua hiyo ilirudiwa mara 48,000. Muda unaoonyeshwa pale ni wastani wa mzunguko mmoja, wala si jumla. Milisekunde 0.7 mara 48,000 ni sekunde 33.6, yaani karibu muda wote tuliokuwa tukiulalamikia. Hifadhidata ilikuwa ikilisoma jedwali la vituo kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa kila agizo lililopatikana, na kwa jumla ililinganisha mistari milioni 240.

Kwa nini ichague njia hiyo? Jibu lilikuwa kwenye mstari wa juu yake: kipangaji, sehemu ya hifadhidata inayochagua njia ya kutekeleza ulizo, kilikadiria kupata agizo 1, kikakuta 48,000. Kama kweli agizo lingekuwa moja, kulisoma jedwali dogo mara moja kungekuwa uamuzi wa busara kabisa. Kadirio ndilo lililopotoka, na lilipotoka kwa sababu wiki ile tulikuwa tumeanzisha hali mpya ya agizo ambayo haikuwamo katika takwimu ambazo hifadhidata hujiwekea kuhusu kila safu. PostgreSQL huzikusanya upya takwimu hizo yenyewe, lakini kwa mipangilio ya awali husubiri hadi mabadiliko yazidi asilimia 10 ya mistari pamoja na mistari 50. Katika jedwali la mistari milioni 6, hayo ni mabadiliko zaidi ya 600,000. Maagizo yetu 48,000 yasingefika huko kwa muda mrefu.

Niliendesha ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu hizo upya, kwa mkono juu ya jedwali la maagizo. Kipangaji kiliacha kuzunguka, kikaunganisha majedwali kwa mpango wa hash, unaolisoma jedwali dogo mara moja tu, na ripoti ikarudi chini ya sekunde moja bila faharasa yoyote mpya. Ili tatizo lisijirudie, niliandika faili la mabadiliko linalopunguza kiwango hicho cha asilimia 10 kwa jedwali hilo pekee, kutoka 0.1 hadi 0.005.

Faili hilo la mstari mmoja likakwama kwenye ujenzi, yaani hatua ya kuiandaa programu kabla ya kupelekwa kwenye seva. Ujenzi ulichukua dakika 14, kisha ukashindwa ukisema moduli ya ripoti haipatikani, ingawa kwenye kompyuta yangu ulipita. Sababu ya kushindwa ilikuwa herufi moja: mwenzangu alikuwa amebadilisha jina la faili kutoka herufi kubwa kwenda ndogo, mfumo wa faili wa kompyuta zetu hautofautishi herufi hizo, Git, inayotunza historia ya msimbo, haikuyaona mabadiliko, na mashine ya ujenzi, inayotumia Linux, hutofautisha. Tulilibadilisha jina kwa git mv na likatulia. Dakika 14 nazo zilitokana na mpangilio wa hatua katika Dockerfile, faili la maelekezo ya ujenzi: msimbo wote ulinakiliwa kabla ya kusakinisha maktaba, hivyo kila herufi iliyobadilika popote ilibatilisha akiba (matokeo yaliyohifadhiwa) ya hatua zilizofuata, na maktaba zote zikapakuliwa upya. Nilitanguliza package.json na package-lock.json, faili zinazoorodhesha maktaba, nikaweka npm ci, amri ya kuzisakinisha, baada yake, na msimbo mwingine ukafuata mwisho. Maktaba zisipobadilika, hatua hiyo sasa hurukwa.

Mabadiliko yalifika kwenye seva jioni ile. Tangu hapo nimekuwa nikiangalia safu ya last_autoanalyze katika pg_stat_user_tables, inayoonyesha lini takwimu zilikusanywa zenyewe mara ya mwisho, na jedwali la maagizo lilipovuka mabadiliko 30,050 ya kwanza, tarehe pale ilisogea yenyewe.