Kitalu cha mikoko baada ya vyeti

Juni 2023 nilishuka hadi kitalu chetu kando ya hori ya Mtwapa, pwani ya Kenya, nikakuta miche 200 na ushei imekauka ndani ya pakiti za maziwa tulizozijaza tope kwa mikono yetu. Uzio wa makuti ulikuwa umelala chini, na mbuzi walikuwa wameimaliza ile ya mchu, aina moja ya mikoko. Niliumia sana.

Kitalu hicho kilikuwa kazi ya vijana 14 niliowafundisha Januari hadi Aprili, kipindi kile cha kungoja kati ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kuingia chuo. Tulifanya mambo ya kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, kuandika barua, kompyuta, kupanga matumizi. Juu ya hayo, walitakiwa kufanya kazi moja ya kufaa kijiji. Wakachagua mikoko, maana walisikia habari za Gazi kule Kwale, ambako Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013, unauza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na msitu wao, na fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule.

Nilimwuliza msichana aliyekuwa hodari kuliko wote kwa nini waliacha. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, si tulipewa vyeti? Tukajua imekwisha."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Ni kweli, mimi ndiye niliyefanya sherehe, pilau, picha na wazazi, nikafunga kila kitu siku moja, kitalu nacho kikiwemo.

Mwaka uliofuata nilibadilisha ratiba. Hatukuokota mbegu Januari. Tulingoja Machi, ili siku ya vyeti miche iwe bado michanga, haijafika kuhamishwa. Kila kijana aliandika jina lake kwenye pakiti zake kwa kalamu ya wino mzito.

Lakini lililosaidia zaidi ni kuacha mikutano ya kila Jumamosi. Wengi walikuwa na vibarua, na mama mmoja alinifuata akaniambia wazi, "Mwalimu, huyu akishinda kwenye tope, unga utaletwa na nani?" Alikuwa na haki. Tukaamua kufuata bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, tope likabaki wazi, na saa mbili za kazi zinatosha. Ukikosa siku hizo, unangoja bamvua nyingine, kama wiki mbili. Mama yule alikubali, kwani mumewe ni mvuvi na siku hizo anazihesabu tangu utotoni.

Mumewe akaja mwenyewe. Akatuonyesha kwamba tulikuwa tukipanda mkoko mbele mno, penye mawimbi, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, ndiyo maana ulikuwa uking'oka. Akashika mbegu ya mkoko, ndefu kama rula, akaichomeka theluthi moja kwenye tope, akaitikisa kwa vidole viwili kuona kama imeshika. Vijana waliweka simu mfukoni wakamtazama. Kuanzia siku hiyo walimsikiliza yeye kuliko mimi, na nilifurahi.

Watatu waliacha hata hivyo. Mmoja alikuwa akiuguza nyumbani, sikuweza kumlaumu.

Agosti, walipoanza kuondoka kwenda vyuoni, kila mmoja aliniletea mdogo wa kidato cha pili au cha tatu wa kushika miche yake. Sikuwachagua mimi. Walileta wadogo zao, majirani, watoto wa shangazi, na naamini ndiyo sababu wale wadogo hawakuona haya kupigiwa simu na kuulizwa.

Mtoto wa yule mvuvi yuko chuoni Eldoret sasa. Juzi alinipigia usiku, akataka kujua kama mkoko wake wa tatu kutoka kwenye mtumbwi mbovu umeanza kutoa ile mizizi ya juu inayosimama kama miguu. Nikamwambia sijaukaribia siku nyingi, maji mafu, hayapwi sana. Bamvua ni Alhamisi. Nitaupiga picha nimtumie.