Nyamisati hadi Kilindoni na Geji za Uongo

Basi la Nyamisati hupakia Mbagala Rangi Tatu, hupita Mkuranga na Kimanzichana, na likifika Bungu huiacha barabara kuu na kushika njia ya kuelekea baharini. Nilikuwa na begi la nguo na mkoba wa zana. Mimi ni fundi umeme wa magari, na binamu yangu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, alikuwa ameniita nikamfungie sola dukani. Yeye ndiye aliyeniombea nafasi kwenye boti ya mizigo: mabati, simenti, kreti za soda, na abiria wachache tuliokaa juu ya vyote hivyo.

Nyamisati huondoki utakavyo. Bandari iko ndani ya delta ya Rufiji, na maji yakipwa njia yenyewe hubaki tope. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, kwa hiyo maji yalijaa karibu na saa kumi alfajiri, na saa hiyo ndiyo tuliyong'oa nanga. Wengine walijifunika kanga na kulala. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya nahodha, kwa sababu injini ya zamani ikiwaka siwezi kukaa mbali nayo.

Ilikuwa dizeli ya silinda tatu, yenye umri mkubwa kuliko kijana aliyeihudumia. Boti ilikuwa imepandishwa ufukweni kipindi chote cha kusi, ikatiwa kalafati na kupigwa rangi, na hii ndiyo safari yake ya kwanza tangu irudi majini. Dashibodi ilikuwa na geji za joto, mafuta, oili na volti. Tulipokuwa katikati ya mikoko nahodha akawasha taa za njia, na mishale yote ikaruka kwa pamoja. Ya joto ilipanda hadi ukingoni mwa wekundu, ya volti ikashuka kwenye kumi na kitu. Ya mafuta ndiyo iliyonichekesha: tangi lilianza kujaa lenyewe huku tukienda.

"Zina wazimu tangu zamani," nahodha akasema. "Mimi husikiliza injini."

Injini nayo haikukawia kusema. Tulikuwa tumeshatoka kwenye mkondo, kumepambazuka, bahari ya matlai imelala, mwisho wa mikoko umebaki mstari nyuma yetu. Mlio ukaanza kupanda na kushuka, halafu ukashuka bila kupanda. Kijana akasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, hakuna kilichobadilika. Kutoka kwenye magunia mtu akaona mshale wa joto umelala kwenye wekundu, akapiga kelele: "Nahodha, zima, inaungua!"

Nahodha hakuzima. Alinitazama. "Fundi, unasemaje?"

Nikamwomba kijana achungulie shetri kwenye bomba la moshi. Maji ya kupozea yalikuwa yanatoka kwa nguvu, na alipokinga kiganja akasema ni ya vuguvugu tu. Injini inayoungua kweli hutoa maji machache, ya moto, yenye mvuke. Nikaweka mita kwenye betri: 13.8. Altaneta inachaji vizuri, lakini geji ya volti kwenye dashibodi bado imeng'ang'ania kumi. Tofauti hiyo haiwezi kutoka kwenye betri. Imeliwa njiani, na kwa kuwa taa ndizo zilizozirusha geji zote, nilijua ni ethi ya dashibodi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye betri.

Nyuma ya kibao kile kulikuwa na waya mmoja mweusi uliobeba ethi ya geji zote na taa pamoja. Kichwa chake kilikuwa kimeota kutu ya kijani, laini kama ukungu wa mkate. Umeme ukikosa njia ya kurudi hapo hujitafutia nyingine kupitia geji zenyewe na sensa za kwenye injini, na mishale inaonyesha mambo yasiyokuwepo. Nilichuna ncha za kipande cha waya wa spika kwa meno, nikafunga upande mmoja kwenye hasi ya betri na kugusisha wa pili nyuma ya geji. Joto likarudi katikati. Volti ikapanda. Mafuta yakashuka mpaka robo.

Robo hiyo ikamtia nahodha wasiwasi. Alikwenda mwenyewe nyuma, akafungua kifuniko cha tangi na kuchovya kijiti. Nusu tangi. Akafunga. Mara injini ikachangamka, mlio ukakaza, tukaanza kukata maji kama tulivyotoka.

Abiria wakanipongeza. Mama mmoja aliyekuwa amekumbatia ndoo yake akasema, "Mwanangu, Mungu akuweke." Nilipokea dua, lakini pongezi hazikuniingia. Dizeli ya aina ile, ya kuzimwa kwa kuvuta waya, ikishawaka haihitaji betri wala geji. Ungeweza kukata nyaya zote na bado ingekufikisha. Waya wangu wa spika ulikuwa umetibu mishale. Nguvu ilikuwa imerudi kwa sababu nyingine.

Basi haukupita muda mrefu ikaanza tena, mlio ule ule, na safari hii mishale imetulia tuli. Kijana akataka kufungua filta na kutoa hewa. Si wazo baya, ila kwa filta iliyoziba nguvu isingerudi yenyewe namna ile. Nilimuuliza nahodha alifanya nini mara ya kwanza zaidi ya kuchovya kijiti.

"Nimefungua, nimefunga. Basi."

"Fungua tena, mzee, taratibu."

Kifuniko kilipolegea tukasikia tangi likivuta hewa, *fyuuu*, hata mama mwenye ndoo akageuka. Injini ikapata nguvu kabla hajakitoa chote. Tangi lilikuwa halipumui: pampu inanyonya dizeli, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mpaka pampu inashindwa. Tukafuata kibomba cha kupumulia hadi ubavuni. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na udongo mkavu, mgumu, uliosilibwa vizuri. Nyigu alikuwa amejenga humo wakati boti iko ufukweni. Niliuchokoa udongo kwa bisibisi, vipande vikaanguka baharini.

Tulifunga gati Kilindoni jua limeshapanda. Kabla ya kwenda kwa binamu nilivuta waya mweusi mpya, mnene, kutoka kwenye betri hadi dashibodi, nikazitenga ethi za taa na za geji. Kibomba tulikikunja mdomo uangalie chini, tukakifunga kipande cha wavu wa dagaa. Nilitaka pia kuipima sensa ya mafuta, maana robo na nusu ni mbali sana, lakini nahodha akanizuia. Kijiti anacho.