Chumba cha Nyuma ya Roshani

Ruhusa ya kuingia kwenye jumba lile tuliipata kwa barua. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wakisikia kuna mtu anapenda kuingia kwenye majengo yaliyotelekezwa, wanamfikiria kijana anayeruka ukuta usiku wa manane. Wapo wanaofanya hivyo, na baadhi yao wanajua kusoma ramani za zamani kuliko mimi. Lakini mimi na mwenzangu, ambaye ni mhandisi wa majengo, tulishakubaliana kwamba jengo lenye mwenyewe huombwa. Mwenye jumba lile alitujibu baada ya wiki kadhaa: tuje mchana, tuvae kofia ngumu, tusikanyage upande wa kushoto wa roshani kwa kuwa boriti zake zimeoza, na mlinzi atatufungulia.

Lilikuwa jumba la sinema, la zama ambazo sinema ilijengwa kwa fahari kubwa, na pazia zito na dari lenye nakshi. Kwa nje usingejua. Upande wa mbele ulikuwa umezibwa kwa mabati na maandishi ya juu yameng'olewa, yakabaki matundu ya misumari tu. Mlinzi alikuwa mzee mwenye koti kubwa na bunda la funguo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Ndio nyie wa picha?"

Tukamwambia ndio sisi. Akafungua mlango wa pembeni, akasema yeye atakaa hapo hapo kwenye mwanga, na kama hatujatoka kufikia saa kumi atakuja kutuita.

Tuliingia kama tunavyoingia siku zote, polepole, barakoa zimebana, kila mmoja na tochi kichwani, nyingine mkononi na ya akiba mfukoni. Kinyesi cha njiwa kikikauka hutoa vumbi lenye kuvu linaloweza kuumiza mapafu, na majengo ya umri ule mara nyingi yana asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Kuhusu tochi sina mjadala na mtu. Chini ya jiji la Paris, kwenye mahandaki ya machimbo ya mawe yanayofika kilomita 300 hivi, kuna kaburi la Philibert Aspairt, aliyeingia peke yake mwaka 1793 na kupotea. Mwili wake ulikuja kupatikana mwaka 1804. Inasimuliwa kwamba hakuwa mbali na njia ya kutokea. Mtu akiniuliza anunue nini kwanza, kamera au tochi, namsimulia habari za Aspairt.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia. Viti vilishaondolewa, zikabaki safu za matundu ya bolti sakafuni, na katikati ya safu hizo vifuniko vya chuma vya duara, vimeinuka kidogo kama uyoga. Tuliviona, tukavipita. Macho yetu yalikuwa juu, kwenye dari. Nusu ya lipu ilikuwa imeshaanguka, lakini nusu iliyobaki ilikuwa bado na maua yake, majani yake na rangi ya dhahabu kwenye kingo. Nilimkumbusha mwenzangu Michigan Theatre, jumba la sinema la Detroit, Marekani, lililofunguliwa mwaka 1926, ambayo leo ni maegesho ya magari: watu wanaegesha chini ya dari lile lile la nakshi. Akasema angalau lile lina paa. Hili letu lilikuwa linavuja sehemu tatu, na alikuwa ameshaanza kuhesabu lingebaki na misimu mingapi ya mvua.

Mimi nilichokuwa nakitafuta ni chumba cha projekta, ile mashine inayorusha picha kwenye skrini. Ukisimama mahali palipokuwa na skrini ukageuka kutazama nyuma, utaona juu kabisa ukutani vidirisha vidogo vya mraba. Tuliviona vizuri. Tukapanda roshani kwa upande wa kulia, tukitembea juu ya boriti zenyewe, mwenzangu mbele akigonga kila hatua kwa fimbo. Tukafika kwenye ukuta wa nyuma. Hapakuwa na mlango. Ukuta mtupu wa matofali kutoka pembe hadi pembe, na vile vidirisha juu ya vichwa vyetu.

Mwenzangu hakushangaa. Alisema chumba chenye moto hakifunguki kwenye ukumbi wenye watu. Na ni kweli, historia ya sinema ilianza na moto. Mwezi Mei 1897 huko Paris, taa ya projekta iliwasha moto kwenye mnada wa hisani, Bazar de la Charité, wakafa zaidi ya watu 120. Halafu mikanda yenyewe ya filamu ilikuwa ya nitrati, plastiki inayoshika moto upesi, ambayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa bado inatengenezwa: ikishika moto hujitengenezea oksijeni yake, kiasi kwamba huendelea kuwaka hata ikizamishwa ndani ya maji. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1909 kwamba projekta iwekwe kwenye chumba chake chenye kuta zisizoshika moto, na nchi nyingine zikawa na kanuni za namna hiyo. Kwa hiyo tukatoka nje, tukazunguka nyuma ya jengo, na huko, ndani ya majani yaliyotambaa, ndipo tulipoipata ngazi ya chuma. Mwenzangu aliikagua bolti kwa bolti kabla hajaniruhusu kupanda.

Mlango wa juu haukuwa na kufuli. Ulikuwa mzito, wa chuma, na ulifunguka kwa kusukumwa na bega.

Chumba kilikuwa kidogo. Mashine zilikuwa zimechukuliwa, lakini sakafuni palionekana wazi ziliposimama: miraba miwili ya saruji isiyo na rangi, kila mmoja na mabaki ya bolti nne. Juu ya kila mraba bomba la bati lilipanda hadi kwenye dari, ndani jeusi kwa masizi. Projekta za zamani hazikutumia balbu. Vijiti viwili vya kaboni vilisogezwa karibu, umeme ukaruka kati yao ukatoa mwanga mweupe usiotazamika, na vijiti vilizidi kufupika vikiungua huku moshi ukitoka kwa bomba lile. Kwenye mkebe wa bati pembeni ya ukuta vilikuwamo vipande vya vijiti hivyo, vifupi kama kidole gumba, vingine bado na ganda la shaba. Mtu alikuwa akivitupia humo kila zamu, wala hakuna aliyerudi kuumwaga mkebe.

Juu ya kila kidirisha lilining'inia bamba la chuma, limeshikwa na mnyororo mwembamba unaopita juu ya mahali pa mashine. Katikati ya mnyororo kulikuwa na kiungo cha madini laini. Moto ukitokea, kiungo kinayeyuka, mnyororo unakatika, mabamba yote yanaanguka na kufunga vidirisha, na watu ukumbini hawauoni moto wala kuvuta moshi wake. Mwendesha projekta, huyo anabaki ndani. Nilisimama chini ya mnyororo ule kwa muda nikimfikiria yeye, akifanya kazi kila jioni chini ya kitu kilichotengenezwa kuwakinga watu wote isipokuwa yeye.

Halafu mwenzangu akaangaza ukuta kati ya vidirisha, akaniita.

Ukuta wote ulikuwa umeandikwa kwa penseli. Safu za saa na dakika, zimepangwa kutoka juu hadi usawa wa kiuno, kwa miandiko tofauti. Ilituchukua dakika kadhaa kuelewa. Ule mkanda wa milimita 35 hupita mbele ya taa kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, na gurudumu moja lenye mkanda wa futi 2,000 huisha kwa dakika kama 22. Filamu nzima ilikuwa magurudumu matano, sita, na ndiyo sababu mashine zilikuwa mbili, moja ikimaliza nyingine inapokea. Waendeshaji walikuwa wakiandika ukutani saa ya kila mabadiliko, wajue lini wasimame tayari. Mmoja wao alikuwa akiongeza alama ya mkato kila mkanda ulipokatika. Mwingine alipiga mstari chini ya kila onyesho kwa rula, umenyooka kabisa.

Lakini kilichonigusa zaidi kilikuwa pembeni ya kidirisha cha kulia, usawa wa bega. Rangi ya ukuta ilikuwa imelika. Sehemu ya ukubwa wa kiganja ilibaki saruji tupu, laini, inang'aa kidogo kwa mafuta ya nguo na ngozi. Hapo ndipo mtu alipoegemea miaka nenda miaka rudi, jicho kwenye kioo, akisubiri vidoa. Maana penseli ilimwambia dakika tu. Sekunde aliambiwa na filamu yenyewe. Gurudumu likikaribia mwisho, kwenye kona ya juu kulia ya picha hutokea kidoa, kwa picha nne tu, pungufu ya moja ya tano ya sekunde. Hicho kinamwambia awashe mota ya mashine ya pili. Sekunde kama saba baadaye kinatokea cha pili, naye anabadilisha. Akikosa, skrini inakuwa nyeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi.

Nikaegemea pale pale. Mwenzangu akashuka, akazunguka hadi ukumbini, akaenda mbele palipokuwa na skrini na kuinua tochi juu kwa fimbo yake, kwenye kona ya kulia. Akaiwasha na kuizima haraka. Kupitia kile kioo kichafu niliona nukta ya mwanga, ikatoweka kabla sijasema neno. Akarudia. Nikagonga kioo kila nilipoiona, naye hakusikia chochote, kwa jinsi ukuta ulivyokuwa mnene.

Nina neno kwa wapenzi wenzangu wa majengo haya. Picha nyingi tunazoonyeshana ni za kutu, viti vilivyopinduka na mwanga unaopenya kwenye paa, na zinamfanya mtazamaji aamini jengo halikuwahi kuwa na lolote ila huzuni. Ukuta ule haukuwa wa huzuni. Ulikuwa daftari la kazi. Tuliupiga picha kipande kwa kipande, rula ikiwa pembeni kuonyesha kipimo, ili mwenye jengo apate nakala inayosomeka. Vijiti vya kaboni tuliviacha ndani ya mkebe wao.

Tuliporudi mlangoni mzee alikuwa amesimama akitusubiri. Akauliza tumeona nini. Nikamwonyesha picha kwenye kamera, nikamweleza habari ya vidoa.

"Kumbe!" akasema. "Mimi nimekaa humu ujana wangu wote, nikiviona. Nilidhani mkanda umeungua." Akataka nirudie kueleza, kidoa cha kwanza na cha pili, akicheka na kutikisa kichwa. Kisha akachagua funguo nyingine kwenye bunda lake. "Juu mmeona. Chini bado. Njooni."

Chini ya jukwaa kulikuwa na ngazi ya matofali na mlango mfupi. Nyuma yake, chumba ambacho hakikuwamo hata kwenye mchoro tuliopewa na mwenye jengo. Katikati kulikuwa na feni ya chuma, mapanga yake marefu kumpita mzee, na mbele yake handaki la matofali lililoelekea chini ya ukumbi. Mwenzangu alitoa sauti nisiyowahi kuisikia kwake. Vile vifuniko vya sakafuni! Vilikuwa matundu ya hewa: feni ilisukuma hewa handakini, ikatokea chini ya kila kiti. Nyuma ya feni akapata bomba lenye tundutundu, la kunyunyizia maji ili hewa isafike vumbi na kupoa kabla ya kwenda kwa watazamaji. Mzee akaweka mikono miwili kwenye panga moja akalisukuma, na feni ikazunguka robo duara, bila mlio wowote.

"Hii niliijua," akasema. "Tulikuwa tunapigania viti vya katikati, kule upepo ulikuwa mkali."

Saa kumi ilikuwa imeshapita. Mwenzangu alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa handaki na futi ya kupimia, na mzee ameshika ncha ya pili kule kwenye ukuta.

"Vuta, mwanangu," akamwambia. "Bado imelegea."