Kidole, Karatasi Sita na Masanduku Yake

Siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, kituo cha kupigia kura hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukiwa tayari kwenye foleni saa ya kufunga, kura utapiga, usikubali kuambiwa urudi nyumbani. Kwa Mombasa, aliyejiandikisha Likoni, ng'ambo ya feri, naye siku hizi anaishi Kisauni ahesabu na muda wa kuvuka.

Beba kitambulisho kile kile, au pasipoti ile ile, uliyojiandikishia. Picha yake kwenye simu haikubaliki, wala karatasi ya kusubiria kitambulisho. Shule moja yaweza kuwa na vyumba kadhaa vya kupigia kura, kila kimoja kisichozidi watu 700, na wapiga kura hugawanywa kwa herufi za majina. Tazama orodha iliyobandikwa nje kabla hujapanga foleni. Jina linalofuatwa ni la kitambulisho, si lile wanalokuitia mtaani. Wengi husimama saa mbili nzima kwenye foleni ya chumba kisicho chao.

Ndani, karani atakuwekea kidole kwenye KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura, na hapa ndipo panapochelewesha. Jasho, mafuta ya nazi na alama zilizochakaa kwa kazi ya mikono huifanya isisome. Pangusa kidole kikauke, jaribu kingine. Ikikataa kabisa, nambari ya kitambulisho huingizwa kwa mkono, na Fomu 32A hujazwa mbele ya mawakala wa vyama na wagombea. Mashine kukataa kidole hakukunyimi kura.

Utapewa karatasi sita: rais (nyeupe), gavana (samawati), seneta (manjano), mbunge (kijani), mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Zihesabu palepale. Agosti 9, 2022 Mombasa walipiga tano tu, kwa kuwa ya gavana ilichapishwa na picha zisizo za wagombea wake, na uchaguzi huo wa gavana ukasogezwa hadi Agosti 29.

Weka alama moja kwenye kisanduku cha mtu mmoja: vema, msalaba au kidole gumba. Usitie sahihi wala nambari ya kitambulisho, kura itakataliwa. Ukikosea, usifute na usiitumbukize. Mrudishie msimamizi wa kituo akupe nyingine. Kunja kila karatasi peke yake, kisha linganisha rangi yake na kifuniko cha sanduku. Wanaozikunja zote sita pamoja ndio wanaotumbukiza ya seneta kwa gavana.

Bibi asiyeona vizuri aweza kuingia na mtu anayemwamini, ambaye ataapa kwanza. Wazee, wajawazito na walemavu hawapangi foleni. Mwambie askari mlangoni, bila kuona haya. Kofia na fulana za chama ziache nyumbani.

Mwisho hupakwa wino kidoleni. Baada ya kuhesabu, nakala ya Fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo hicho, hubandikwa mlangoni. Hiyo ndiyo ya kupiga picha, si karatasi yako ya kura.